Tromsø hadi Longyearbyen: Umbali wa kilomita 960 na muda wake angani

UMBALI wa anga kati ya kiwanja cha ndege cha Tromsø, kaskazini mwa Norway, na kile cha Longyearbyen katika visiwa vya Svalbard ni takriban kilomita 960. Ndege ya abiria ya injini za jeti huumaliza kwa muda wa saa moja na dakika 40 hivi, ukihesabu tangu inapoondoka mlangoni mwa jengo la abiria hadi inaposimama upande wa pili.

Hilo ndilo jibu fupi kwa anayeuliza. Hata hivyo, tarakimu hizo mbili hazielezi jambo lililo muhimu kuliko yote katika safari hiyo, nalo ni kwamba katika kilomita zote 960 hakuna kiwanja kingine cha ndege hata kimoja. Ndege ikishindwa kutua Longyearbyen, haina pa kwenda ila kurudi ilikotoka.

Makala haya yanaeleza namna umbali huo unavyopimwa, namna muda wa safari unavyokokotolewa, na sababu zinazowafanya marubani, madaktari na wakazi wa huko kuutazama umbali huo kwa jicho tofauti na la msomaji wa ramani.

Viwanja viwili vya kaskazini

Tromsø ni mji wenye wakazi zaidi ya 70,000, uliojengwa kwa sehemu kubwa juu ya kisiwa cha Tromsøya. Uko kaskazini mwa Mzingo wa Aktiki, yaani mstari ambao juu yake jua halichomozi kabisa walau siku moja katika majira ya baridi kali, wala halizami walau siku moja katika kiangazi.

Kiwanja chake cha ndege, kiitwacho Langnes, kilifunguliwa mwaka 1964 upande wa magharibi wa kisiwa hicho. Njia yake ya kurukia na kutulia ndege ina urefu wa takriban mita 2,400. Kiwanja hicho kiko katika latitudo ya nyuzi 69 na dakika 41 kaskazini, na longitudo ya nyuzi 18 na dakika 55 mashariki.

Longyearbyen ni makao makuu ya Svalbard, funguvisiwa lililo chini ya mamlaka ya Norway kwa mujibu wa mkataba uliotiwa saini Paris mwaka 1920 na kuanza kutumika mwaka 1925. Mji huo ulianza kama kambi ya wachimbaji wa makaa ya mawe, na leo una wakazi wapatao 2,500.

Kiwanja chake kiko kilomita chache nje ya mji, kando ya hori kubwa ya Isfjorden, katika latitudo ya nyuzi 78 na dakika 15 kaskazini na longitudo ya nyuzi 15 na dakika 28 mashariki. Njia yake ya kurukia ina urefu wa takriban mita 2,480. Hakuna kiwanja kingine duniani kilicho kaskazini zaidi ya hicho kinachopokea ndege za abiria wa kawaida kwa ratiba maalumu.

Namna umbali unavyopimwa

Msomaji anaweza kuukadiria umbali huu mwenyewe kwa karatasi na kalamu, bila chombo chochote. Mabaharia wa zamani waliweka utaratibu kwamba maili moja ya baharini ni sawa na dakika moja ya latitudo, na nyuzi moja ina dakika 60.

Ukitoa nyuzi 69 na dakika 41 za Tromsø katika nyuzi 78 na dakika 15 za Longyearbyen, unabakiwa na nyuzi 8 na dakika 34. Hizo ni dakika 514, yaani maili 514 za baharini. Kwa kuwa maili moja ya baharini ni mita 1,852, unapata takriban kilomita 952.

Bado kuna tofauti ya longitudo, kwa sababu Longyearbyen iko magharibi kidogo kuliko Tromsø kwa nyuzi tatu na nusu hivi. Katika ikweta, nyuzi hizo zingekuwa sawa na kilomita 384. Lakini mistari ya longitudo hukaribiana kadiri unavyoelekea kwenye ncha ya dunia, mithili ya vipande vya chungwa vinavyokutana kwenye kikonyo.

Katika ikweta, nyuzi moja ya longitudo ina upana wa kilomita 111. Tromsø ina upana wa kilomita 39 tu, na Longyearbyen haifiki hata kilomita 23. Kwa hiyo tofauti yote ya longitudo kati ya viwanja hivyo viwili ni kama kilomita 106.

Ukiunganisha kilomita 952 za kuelekea kaskazini na 106 za kuelekea magharibi kwa kanuni ya pembetatu mraba tunayofundishwa shuleni, jibu linakuwa kilomita 958. Vipimo vinavyozingatia kwamba dunia imebonyea kidogo kwenye ncha zake huongeza kilomita mbili au tatu. Ndiyo maana tunasema takriban kilomita 960, sawa na maili 518 za baharini au maili 597 za nchi kavu.

Aidha, hesabu hiyo inaonyesha kwamba safari hii ni ya kwenda kaskazini karibu moja kwa moja, ikiinama kidogo tu kuelekea magharibi.

Ramani ya ukutani hudanganya

Anayetazama ramani ya dunia iliyobandikwa ukutani anaweza kudhani kwamba umbali huo ni mkubwa kuliko huu uliotajwa. Ramani nyingi za aina hiyo hufuata mtindo wa Mercator, ambao huinyoosha dunia ya mviringo iwe karatasi ya mstatili.

Mtindo huo hauna madhara makubwa karibu na ikweta, lakini hutanua mno nchi zilizo karibu na ncha. Tromsø hutanuliwa karibu mara tatu, na Longyearbyen karibu mara tano. Matokeo yake, mstari mfupi wa kilomita 960 huonekana mrefu kama safari ya kuvuka bara zima.

Anayetaka kuona ukweli na atumie tufe, yaani ule mpira wa ramani unaowekwa juu ya meza. Akivuta uzi kati ya miji hiyo miwili na kuukaza, uzi utaonyesha njia fupi kuliko zote, ambayo kimsingi ndiyo njia ya ndege.

Muda wa safari unavyokokotolewa

Kugawanya umbali kwa kasi ni mwanzo tu wa hesabu ya muda. Ndege aina ya Boeing 737-800, ambayo imetumika sana katika njia hii, huruka kwa kasi ya kilomita 830 hivi kwa saa ikishafika juu. Kwa kasi hiyo, kilomita 960 humalizika kwa saa moja na dakika tisa.

Lakini ndege haifikii kasi hiyo papo hapo. Inalazimika kutembea ardhini hadi mwanzo wa njia ya kurukia, kupaa, kupanda taratibu, kisha kupunguza mwendo na kushuka, kujipanga na njia ya kutulia, na hatimaye kutembea tena ardhini hadi mahali pa kuegesha. Shughuli hizo huongeza takriban nusu saa. Ndiyo sababu ratiba huonyesha saa moja na dakika 40, pengine ikizidi au kupungua dakika chache.

Ndege ya propela inayokwenda kilomita 500 kwa saa ingetumia saa moja na dakika 55 angani, na ukiongeza muda wa kupaa na kushuka, safari nzima ingekaribia saa mbili na robo. Meli iendayo maili 15 za baharini kwa saa ingehitaji saa 34 na nusu, yaani mchana kutwa, usiku kucha na sehemu ya siku ya pili.

Upepo nao una sehemu yake. Ndege ikikabiliwa na upepo wa mbele, ule ambao mabaharia wetu huuita mbisho, wenye kasi ya kilomita 100 kwa saa, mwendo wake juu ya bahari hushuka hadi kilomita 730 kwa saa, na muda wa kusafiri ikiwa juu huwa saa moja na dakika 19. Upepo huohuo ukisukuma kutoka nyuma, muda hupungua hadi saa moja na dakika mbili.

Jambo moja huwashangaza wengi hapa. Ndege ikienda na kurudi katika upepo uleule, faida haifidii hasara. Bila upepo, kwenda na kurudi kungechukua dakika 139, lakini kwa upepo huo huchukua dakika 141. Sababu ni kwamba ndege hukaa muda mrefu zaidi katika upande wenye kuzuiwa kuliko ule wenye kusaidiwa. Tofauti ni ndogo, lakini katika safari isiyo na mahali pa kupumzikia, kila dakika huhesabiwa kwa mafuta.

Mafuta ya kwenda na ya kurudi

Sheria za kimataifa za usafiri wa anga zinataka ndege ipakie mafuta ya safari yenyewe, mafuta ya ziada kwa mambo yasiyotarajiwa, mafuta ya kuifikisha kwenye kiwanja cha akiba, na mafuta ya mwisho ya kuiwezesha ndege ya jeti kukaa angani dakika 30 zaidi.

Katika nchi nyingi kiwanja cha akiba huwa mji wa jirani, umbali wa dakika 20 au 30. Kwa Longyearbyen sivyo. Kiwanja cha utafiti cha Ny-Ålesund kiko umbali wa kilomita 110 tu, lakini njia yake ni fupi na haina lami, hivyo hutumiwa na ndege ndogo. Makazi ya Warusi ya Barentsburg yana kituo cha helikopta pekee.

Ukiondoa hivyo, kiwanja kinachoweza kuipokea ndege kubwa kiko Norway bara. Tromsø iko kilomita 960, Bardufoss takriban kilomita 1,030, na Evenes takriban kilomita 1,090. Kisiwa cha Bjørnøya, kilicho baharini kidogo baada ya nusu ya njia, kina kituo cha hali ya hewa chenye watumishi wachache, lakini hakina kiwanja cha ndege.

Kwa hiyo ndege inayokwenda Longyearbyen kwa kawaida hubeba mafuta ya kuirudisha bara ikiwa imekuta ukungu au upepo mkali wa ubavuni. Safari iliyoandikwa kilomita 960 katika kitabu cha ratiba huandaliwa kana kwamba ina kilomita 1,920, na zaidi.

Boeing 737-800 hutumia takriban tani mbili na nusu za mafuta kwa saa, na matangi yake huchukua takriban tani 20. Mafuta ya kwenda na kurudi huenea ndani yake bila shida. Gharama yake ni uzito, kwani kila tani ya mafuta ya akiba inayobebwa huilazimisha ndege kuchoma mafuta mengine ili kuibeba.

Abiria hulitambua jambo hili siku ambayo hali ya hewa imechafuka. Huruka saa moja na nusu, hulizunguka wingu juu ya Isfjorden, kisha hutua Tromsø alikotoka. Atakuwa amesafiri karibu kilomita 2,000 bila kufika popote, lakini amesafiri salama, kama mpango wa safari ulivyotaka.

Kosa la kilomita nne

Sababu ya uangalifu huo ilionekana kwa uchungu Agosti 29, 1996. Siku hiyo ndege aina ya Tupolev Tu-154M ya kampuni ya Vnukovo Airlines, iliyotoka Moscow ikiwa na abiria 130 na wafanyakazi 11, iligonga mlima wa Operafjellet ilipokuwa ikijiandaa kutua Longyearbyen. Watu wote 141 walipoteza maisha.

Wengi wa abiria walikuwa wachimbaji wa makaa ya mawe kutoka Urusi na Ukraine pamoja na familia zao, waliokuwa wakielekea katika migodi ya Barentsburg na Pyramiden. Ajali hiyo imebaki kuwa mbaya kuliko zote zilizowahi kutokea katika ardhi ya Norway kwa upande wa usafiri wa anga.

Wachunguzi walibaini kwamba ndege hiyo ilikuwa upande wa kulia wa njia sahihi ya kushukia kwa kilomita 3.7, ikiwa imebakiza takriban kilomita 14 kufika kiwanjani. Mawingu yalikuwa yamefunika milima, na iligonga karibu na kilele, mita 907 juu ya usawa wa bahari.

Vilevile ilibainika kwamba Longyearbyen haikuwa na mwongoza ndege mwenye mamlaka ya kuamuru, bali ofisa wa kutoa taarifa tu kwa marubani. Marubani wale hawakuuzoea utaratibu huo, na Kiingereza chao kilikuwa haba. Mawasiliano yalipokosa kueleweka, hapakuwa na mtu wa kuwaelekeza warudi kwenye mstari.

Katika safari ya maelfu ya kilomita, kilomita 3.7 ni kitu kidogo mno. Juu ya uwanda wa bahari zisingekuwa na madhara yoyote. Lakini kiwanja cha Longyearbyen kimezungukwa na milima, na usahihi unaotakiwa katika dakika kumi za mwisho hauwiani kabisa na ule wa saa nzima iliyotangulia.

Umbali wa kwenda hospitali

Kwa mtalii, kilomita 960 ni sehemu ya likizo. Kwa mkazi wa Longyearbyen ni umbali kati ya nyumba yake na daktari bingwa.

Mji huo una hospitali ndogo, ambayo ni tawi la Hospitali ya Chuo Kikuu ya Kaskazini mwa Norway iliyoko Tromsø. Hutoa huduma ya dharura na matibabu ya kawaida. Mgonjwa mahututi, au anayehitaji upasuaji mkubwa, husafirishwa kwa ndege kwenda bara.

Chukua mfano wa ndege ya wagonjwa ya propela inayosubiri Tromsø. Simu ikipigwa, itahitaji takriban saa mbili na robo kufika, muda wa kumpakia mgonjwa, kisha saa mbili na robo nyingine kurudi. Hata mambo yakienda vyema, kuanzia simu hadi mlango wa hospitali ni zaidi ya saa nne na nusu. Ukungu ukitanda juu ya kiwanja, hakuna ajuaye zitakuwa ngapi.

Kwa sababu hiyohiyo, wajawazito wa Longyearbyen hawasubiri uchungu uanze. Kwa kawaida hutakiwa kuondoka kwenda bara wiki tatu hivi kabla ya tarehe ya kujifungua. Ndege yao ni ya saa moja na dakika 40, lakini safari yao huanza karibu mwezi mzima kabla ya mtoto kuzaliwa.

Kabla ya mwaka 1975

Ili kuelewa thamani ya kiwanja hicho, ni vyema kukumbuka hali ilivyokuwa zamani. Meli ndizo zilizoleta watu, chakula na barua, na bahari ilipoganda majira ya baridi kali, visiwa vilifungika kwa miezi kadhaa. Aliyekosa meli ya mwisho ya msimu alibaki huko hadi barafu ilipoyeyuka.

Kuanzia mwaka 1959 ndege za kampuni ya Braathens SAFE zilianza kutua katika bonde la Adventdalen, jirani na mji, juu ya uwanja uliosawazishwa wakati ardhi imeganda. Zilikuwa chache, na kiangazi ardhi ilipolainika uwanja huo haukufaa.

Kujenga kiwanja cha kudumu kulikuwa na ugumu wa kisiasa pia. Mkataba wa Svalbard unakataza visiwa hivyo kutumiwa kwa madhumuni ya kivita, na Umoja wa Kisovieti, uliokuwa na migodi huko, uliutazama mradi huo kwa shaka. Hatimaye kiwanja cha kiraia kilijengwa, na Mfalme Olav wa Tano wa Norway alikifungua rasmi mwezi Septemba 1975. Tangu hapo visiwa havikufungika tena kwa msimu mzima.

Kiwanja juu ya ardhi iliyoganda

Njia ya kurukia ya Longyearbyen imejengwa juu ya ardhi ambayo huwa imeganda mwaka mzima. Tabaka la juu huyeyuka kidogo kiangazi na kuganda upya majira ya baridi. Mahali ambapo barafu ya chini inayeyuka kupita kiasi, ardhi hutitia na lami huweka mabonde na matuta, hivyo kiwanja hicho kimekuwa kikihitaji matengenezo ya mara kwa mara.

Tatizo hilo linazidi, kwa kuwa Svalbard ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopata joto kwa kasi kubwa zaidi. Julai 25, 2020, kituo cha hali ya hewa kilichopo kiwanjani hapo kilipima nyuzi joto 21.7, kiwango kilichovunja rekodi ya tangu mwaka 1979.

Kutoka kiwanjani unaweza kuona mlima ambamo ndani yake kuna Hifadhi ya Mbegu ya Dunia ya Svalbard. Katika ufunguzi wake, Februari 26, 2008, Profesa Wangari Maathai wa Kenya, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 2004, aliungana na Waziri Mkuu wa Norway wa wakati huo, Jens Stoltenberg, kuweka sanduku la kwanza la mbegu. Hifadhi hiyo ilijengwa huko kwa sababu ya baridi ya asili ya mlima, na pia kwa sababu mahali hapo, pamoja na kuwa mbali kiasi hicho, panafikika kwa ndege.

Mambo ya kuzingatia kwa msafiri

Kampuni za SAS na Norwegian zimekuwa zikiunganisha Longyearbyen na Norway bara, baadhi ya safari zikipitia Tromsø na nyingine zikitoka Oslo moja kwa moja. Kutoka Oslo umbali ni takriban kilomita 2,020, na muda ni karibu saa tatu.

Norway ni mwanachama wa eneo la Schengen, lakini Svalbard haimo. Abiria hukaguliwa pasipoti anapoondoka bara na anaporejea. Svalbard yenyewe haidai viza, ila hakuna namna ya kawaida ya kufika bila kupitia Norway. Hivyo raia wa Tanzania au Kenya anatakiwa kuwa na viza ya Schengen inayoruhusu kuingia zaidi ya mara moja, la sivyo atakwama wakati wa kurudi.

Viwanja vyote viwili hufuata saa moja. Kwa hiyo tofauti kati ya saa ya kuondoka na ya kufika iliyoandikwa katika tiketi ndiyo muda halisi wa safari. Saa za huko ziko nyuma ya zile za Afrika Mashariki kwa saa mbili majira ya baridi, na kwa saa moja kiangazi.

Anayesafiri kati ya mwishoni mwa Oktoba na katikati ya Februari asitarajie kuliona jua Longyearbyen, maana halichomozi kabisa. Kinyume chake, kuanzia karibu Aprili 20 hadi karibu Agosti 23 halizami. Vifaa vya kiwanja na taa zake huwezesha ndege kutua gizani, hivyo giza peke yake si kikwazo. Kinachoahirisha safari mara nyingi ni ukungu, theluji na upepo.

Kwa sababu hiyo si busara kupanga ndege ya kuunganisha kwa muda mfupi. Mwenye shughuli isiyoweza kuahirishwa aache walau siku moja ya ziada kila upande.

Kwa muhtasari

Umbali wa anga: takriban kilomita 960, sawa na maili 518 za baharini.

Mwelekeo: kaskazini, ukiinama kidogo magharibi.

Muda wa ndege ya jeti: takriban saa 1 na dakika 40.

Muda wa ndege ya propela ya kilomita 500 kwa saa: takriban saa 2 na dakika 15.

Tofauti ya saa: hakuna.

Kiwanja cha akiba kwa ndege kubwa karibu na Longyearbyen: hakuna, cha karibu zaidi ni Norway bara.

Safari nyingi za urefu huu hufanyika duniani kila siku bila mtu kuzitafakari, kwa sababu chini yake kuna miji, barabara na viwanja vingine. Kati ya Tromsø na Longyearbyen chini kuna maji ya baridi na kisiwa kimoja kisicho na pa kutua. Ndiyo maana anayeuliza umbali wa huko apewe kilomita 960, na aambiwe pia kwamba rubani wake amepakia mafuta ya kuzirudia.